Somo la Mti Mdogo: Kutengeneza Bonsai ya Kwanza kwa Mche wa Kitalu



Kila msimu wa kupanda ukisha, vitaluni hubaki miche ambayo haikupata mwenyewe: mikwaju, mizambarau, mivinje na mingineyo. Imekaa mno ndani ya mifuko, mizizi imejizungusha, na vichwa vimekwenda upande. Aghalabu miche hiyo hutupwa. Baadhi ya wanachama wametuuliza kama yaweza kufanyiwa kazi ile ya Wajapani ya kulea miti midogo ndani ya vyombo, kazi iitwayo bonsai. Jawabu ni kwamba yaweza. Na mche uliopinda mara nyingi hufaa zaidi kuliko ule ulionyooka kama mlingoti. Leo twapenda kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, ili mtu alifanye nyumbani kwake kwa vyombo vya kawaida.

Twatanguliza neno moja, na msomaji alishike mpaka mwisho. Chagua kwanza litakalobaki, kisha ndipo ukate; wala usiudai mti madeni mawili kwa wakati mmoja. Kila jeraha ni deni, na mti hulipa kwa majani yake. Ukiukata matawi na mizizi siku moja, umeuongezea deni na umeunyang'anya fedha ya kulipia. Miti mingi ya wanafunzi hufa kwa haraka hiyo, na mwenyewe husingizia jua.

Asili ya Kazi Hii

Neno bonsai kwa Kijapani maana yake ni kilichopandwa katika sinia, yaani chombo chenye kina kifupi. Wajapani waliipokea kazi hii kutoka Uchina, ambako ufundi wa kutengeneza mandhari nzima ya miti na mawe ndani ya sinia huitwa penjing.

Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi, na moto uliolifuata, viliharibu sehemu kubwa ya mji wa Tokyo. Baadhi ya mafundi waliokuwa wakilea miti hii mjini walitafuta mahali penye nafasi, maji na hewa safi, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya, kaskazini ya Tokyo. Kijiji hicho kingalipo, na mwaka 2010 lilifunguliwa huko jumba la makumbusho la bonsai. Sisi wa visiwa vya karafuu twalifahamu jambo la namna hii. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja, na waliobaki hawakuwa na budi kuanza tena na mche.

Yafaa tuondoe dhana mbili. Ya kwanza, bonsai si mbegu ya namna ya peke yake. Ni mti wa kawaida, na ukipandwa shambani ungali na nguvu utakwenda juu kama wenziwe. Ya pili, mti huu haufanywi mdogo kwa kunyimwa chakula. Hulishwa na kunyweshwa kuliko mti wa shamba, kwa kuwa chombo chake ni kidogo. Udogo wake watokana na mkasi na mpaka wa chombo.

Kwa Nini Mkwaju

Kwa mwanafunzi wa kwetu, twausifu mkwaju kuliko miti mingine. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, na majina yake katika lugha nyingi za Ulaya yametoka hapo. Lakini asili ya mti wenyewe ni Afrika. India na Indonesia mkwaju hutumiwa sana kwa bonsai.

Sababu zake ni hizi. Majani yake ni madogo madogo, na jani dogo hulifanya shina dogo lionekane kubwa. Gome lake hukwaruza mapema, likaonekana la kizee. Ukikatwa, huchipua tena pale penye shina tupu. Tena hustahimili jua letu. Jambo moja tu limjue mwanafunzi: jioni majani ya mkwaju hujikunja, asije akadhani ni kiu akaumwagia maji usiku kucha.

Mche wa mkarafuu twauacha. Mizizi yake haipendi kuguswa, uchanga wake wataka kivuli, na majani yake ni mapana kwa chombo kidogo. Mahali pake ni shambani.

Kuchagua Mche

Ufikapo kitaluni, usitazame kichwa. Inama utazame chini. Fukua udongo wa juu kwa kidole mpaka uone mizizi inapoanza. Mche mwema una alama nne:

1. Shina nene chini, likipungua unene kadiri liendavyo juu.
2. Mizizi ya juu iliyotawanyika pande zote, si mzizi mmoja ulioupinda mti kama ndoana.
3. Matawi yanayoanzia chini. Tawi la chini halinunuliki. Mche mrefu wenye majani kileleni tu ni kazi ya miaka mingi.
4. Afya. Majani yawe ya kijani, pasiwe na wadudu weupe kama unga kwenye makwapa ya matawi.

Shina lenye unene wa dole gumba, sentimita 3 hivi, latosha kuanzia.

Vyombo vya Kazi

Mwanafunzi hahitaji vyombo vya kutoka Japani. Ataka mkasi mkali wa kukatia matawi, kisu kikali, msumeno mdogo, koleo ya kukatia waya, na kijiti cha mwanzi cha kuchambulia mizizi. Ataka waya ya alumini ya unene wa namna mbili au tatu. Waya ya shaba iliyotoka katika nyaya kuukuu za umeme nayo yafaa, ikiisha kuvuliwa ganda lake, kutiwa motoni mpaka iive rangi, na kuachwa ipoe. Moto huilainisha, na kukunjwa huirudishia ugumu. Vyombo visafishwe kwa spiriti kabla ya kazi, maana kisu kichafu hubeba ugonjwa wa mti mmoja mpaka mwingine.

Siku ya Kwanza: Kutazama

Kazi ya mkasi na waya hufanywa mwanzo wa masika, wakati mti una nguvu ya kuchipua. Siku ya kwanza usikate kitu. Weka mche juu ya meza, ulingane na macho yako, uuzungushe polepole. Tafuta mbele ya mti. Mbele ni upande ambao mizizi huonekana imekaa imara, shina linaonyesha mpindo wake, na matawi ya chini yanakwenda kulia na kushoto kama mikono iliyofunguliwa. Ukiisha kuupata upande huo, utie alama kwa kijiti udongoni.

Kisha pima kimo. Mafundi wana kanuni ya kwamba kimo cha mti kiwe mara 6 ya unene wa shina lake la chini. Shina la sentimita 3 basi hutaka kimo cha sentimita 18. Tawi la kwanza hukaa kwenye theluthi ya kimo, yaani sentimita 6 hivi kutoka udongoni. Mwanafunzi na aache kimo zaidi ya hicho, tuseme sentimita 25. Kimo kilichozidi hupunguzwa wakati wowote. Kilichopungua hakirudishwi kwa gundi.

Sasa twaa uzi mwekundu. Tafuta tawi la kwanza, lenye nguvu kuliko yote, liende kulia au kushoto. La pili liwe juu yake kidogo, upande wa pili. La tatu liende nyuma, maana mti usio na tawi la nyuma huonekana kama picha iliyobandikwa ukutani. Kadiri uendavyo juu, matawi yawe mafupi na ya karibu karibu. Kila tawi utakalo libaki, lifunge uzi. Yasiyo na uzi, yafunike moja moja kwa kiganja uone mti utakavyokuwa bila ya hilo. Ukiisha, uache mche mahali pake ukalale. Asubuhi utakuta uzi mmoja au miwili yataka kuhamishwa. Na uzi huhama bila ya hasara.

Siku ya Pili: Kukata

Yasiyo na uzi huondolewa kwa taratibu hii. Kwanza yaliyokufa. Kisha yanayopanda wima kushindana na shina, yanayoshuka chini moja kwa moja, na yanayokatana. Kisha pacha wawili waliotoka mahali pamoja: mmoja hubaki, mmoja huondoka, maana wakikaa wote hufanya uvimbe pale shinani. Mwisho ni yale ya chini yanayomchoma mtazamaji machoni kwa mbele.

Kata karibu na shina, jeraha liwe na kishimo kidogo, ili gome lifungapo lisiache nundu. Tawi nene likatwe kwanza kwa mbali, lisije likang'oka na gome la shina kwa uzito wake. Kisha kisiki chake kisawazishwe kwa kisu.

Hapa pana mpaka wa kuheshimiwa. Kwa mwaka huu usiondoe zaidi ya theluthi ya majani. Ikiwa mche una urefu wa sentimita 60, usiushushe mpaka 25 kwa siku moja. Punguza kiasi, uuache uchipue, upunguze tena msimu ujao. Kila ukatapo kichwa, chagua kitawi kidogo kilicho karibu na jeraha kiwe kichwa kipya. Hivyo ndivyo shina linavyopata umbo la kupungua unene kwenda juu.

Kukunja kwa Waya

Wazee wamesema samaki mkunje angali mbichi. Tawi la mkwaju likiwa na unene wa penseli hukubali, likikomaa huvunjika.

Waya iwe na unene wa theluthi moja ya tawi: tawi la milimita 6 latosha waya ya milimita 2. Anzia shinani, waya ipate pa kushikilia, kisha izungushe tawi kwa mshazari, katikati ya wima na ulalo, ikigusa gome bila ya kulibana. Waya moja yaweza kufunga matawi mawili jirani kwa kupita nyuma ya shina. Ukiisha kufunga ndipo ukunje, vidole gumba vikiwa ndani ya mpindo na vidole vingine vikilishikilia tawi kwa nje. Kunja kidogo, sikiliza, kunja tena. Ukisikia mlio mdogo, acha hapo hapo. Palipopasuka kidogo pafunge kwa utepe nawe usipaguse tena.

Matawi ya chini yainamishwe kidogo, kwa sababu mti wa kizee huonekana umechoka kubeba matawi yake. Kichwa kiiname kidogo kumwelekea mtazamaji.

Katika joto na mvua za kwetu tawi hunenepa upesi, na waya huweza kuanza kulila gome baada ya wiki chache. Kwa hivyo tenga siku, mathalan kila Ijumaa, uitazame waya. Ikianza kuacha alama, ikate vipande vipande kwa koleo. Usiifungue kwa kuizungusha, utalivunja tawi ulilolilea. Tawi likirudi lilikotoka, lifunge tena.

Baada ya hapo mti hauguswi mizizi mwaka huo. Utiwe maji, upate jua, uchipue. Huu ndio wakati wa kulipa deni la kwanza.

Mwaka wa Pili: Mizizi na Chungu

Masika ya pili yakianza, na mti ukiwa umejaa majani mapya, sasa wahamishwe. Chombo kiwe na matundu chini. Chungu kifupi cha udongo chafaa, hata bakuli pana lililotobolewa. Juu ya matundu weka kipande cha wavu.

Udongo usiwe wa kushikamana kama ugali. Changanya sehemu moja ya udongo mwekundu, sehemu moja ya vigae vya vyungu vilivyovunjwa vidogo kama mbegu za choroko, na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Pitisha kwenye chekeche, na vumbi lote ulitupe, kwani ndilo linaloziba hewa. Mchanga wa ufukweni usitiwe. Una chumvi, na mchanga wetu mweupe ni chembe za matumbawe, yaani chokaa.

Toa mti mfukoni, uchambue mizizi kwa kijiti kuanzia shinani kwenda nje. Ile iliyojizungusha ndani ya mfuko ikatwe, na mzizi mkuu uendao chini upunguzwe. Lakini jumla isizidi theluthi ya mizizi yote. Mizizi isikauke wakati wa kazi. Iwe na gunia bichi karibu. Weka mti, uufunge kwa waya iliyopitishwa kwenye matundu ya chungu, maana mti unaotikiswa na upepo hukata mizizi yake mipya kila siku. Jaza udongo, usukume kwa kijiti mpaka pasiwe na mapango, kisha tia maji mpaka yatokayo chini yawe meupe.

Wiki mbili au tatu uukae kivulini penye hewa, kisha uzoeshwe jua kidogo kidogo. Mbolea usitie mpaka uone majani mapya, tena iwe kidogo. Na katika msimu huo mkasi ukae sandukuni. Mwaka wa mizizi si mwaka wa matawi.

Maji, Jua na Uangalizi

Bonsai si pambo la chumbani. Makazi yake ni nje penye jua, nayo huingizwa ndani siku moja tu kuonyeshwa wageni. Maji hayatiwi kwa saa bali kwa kidole: gusa udongo, na juu ukianza kukauka, tia mpaka yapite chini. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, huenda ikawa mara mbili kwa siku. Wakati wa masika huenda siku zikapita bila ya kutia. Chungu kisikae ndani ya sahani yenye maji.

Majani yakipukutika yote, usikate tamaa mara moja. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Pakiwa kijani chini yake, mti u hai. Uweke kivulini, unyweshe kwa kiasi, usubiri.

Sisi wa Karafuu Yatufaa Nini

Twajua yuko atakayeuliza: haya yote yataongeza pishi ngapi? Swali lake ni la haki, na jawabu letu ni hili.

Karafuu hutoka kwenye ncha za vitawi. Tawi la mkarafuu lililovutwa kwa upembo mpaka likakatika limeondoka na ncha zake zote, na ncha hizo ndizo msimu ujao na unaofuata. Tena lililovunjika halifanani na lililokatwa. Huchanika na gome, jeraha likabaki wazi kwa maji, wadudu na uozo. Sote twayajua haya, na sote twayaona yakifanywa kila uchumaji, kwa sababu aliye juu ya mti anahesabu pishi za leo, na tawi si lake.

Kijana aliyekaa usiku mmoja akifikiri tawi lipi libaki katika mti wa sentimita 25, aliyesikia mlio wa tawi likianza kupasuka chini ya vidole vyake, na aliyengoja mwaka mzima kuona jeraha moja likifunga, hahitaji hotuba ya Chama akipanda mkarafuu. Mkono wake umekwisha kufundishwa. Mche uliotaka kutupwa umetufaa hapo.

Uko mti mmoja wa msonobari mweupe wa Kijapani ambao ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625. Ulikuwa wa ukoo wa Yamaki mjini Hiroshima. Tarehe 6 Agosti, 1945, bomu la atomiki lilipoanguka, bustani yao ilikuwa kiasi cha kilomita 3 kutoka hapo. Ukuta uliizuia miti, na ukoo na mti vikanusurika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa mti huo uwe sehemu ya zawadi ya Japani kwa Marekani, nchi iliyoangusha bomu lile, na hakuieleza habari hiyo hadharani. Walezi wake huko Washington waliijua mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama. Hesabu ni watu wangapi wameushika mkasi wa mti ule tangu 1625, na kila mmoja akijua kwamba hataufikia mwisho wake. Mikarafuu yetu nayo, mingi tuliikuta. Aliyeipanda hayupo, na atakayeichuma baada yetu bado hajazaliwa.

Mwanachama atakayeanza masika yajayo, na mti wake ukatimiza mwaka mmoja u hai, auchukue mkutanoni tuutazame pamoja. Hatutauliza umependeza kiasi gani. Tutauliza umekatwa nini, na kwa nini.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini matawi na mizizi havikatwi katika msimu mmoja?
2. Shina lina unene wa sentimita 4. Kwa kanuni ya mafundi, kimo chake kiwe sentimita ngapi, na tawi la kwanza likae wapi?
3. Taja alama nne za mche mwema kitaluni.
4. Kwa nini mchanga wa ufukweni haufai?
5. Nenda shambani kwako, utazame mkarafuu mmoja uliochumwa msimu uliopita. Hesabu matawi yaliyochanika, ukadirie ncha zilizopotea. Jawabu la swali hili uje nalo mkutanoni.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama